Staa asiye na jina: nani alichora ua linalotambaa kwenye pindo la kanga yako?



Humu tumezoea mastaa wenye majina. Nani kaachana na nani, nani kavaa nini kwenye sendofu, gauni kashonewa wapi na kwa bei gani. Leo staa wetu hana jina, hana akaunti, hana hata picha moja. Ila kazi yake mmeivaa wote, hata nyie wanaume mnaojifanya hayawahusu, maana hakuna mtoto wa Kibongo ambaye hakubebwa mgongoni kwa kanga. Namzungumzia mtu aliyechora lile ua la pindoni. Lile shina jembamba linalopanda, likashuka, likapanda tena, linatoa jani huku na ua kule, halina mwanzo wala mwisho, linakimbia pembeni mwa nguo mpaka linajikuta lilipotoka.

Si kila kanga inalo, najua. Zipo za korosho, zipo za nukta, zipo za mistari na mawimbi. Lakini pita Mtaa wa Uhuru asubuhi wakati maduka ya jumla yanatundika doti nje, hesabu kumi za kwanza, halafu uniambie ngapi hazina mmea unaotambaa mahali fulani. Vitenge ndo usiseme.

Juzi kati nilimsindikiza mama kuchagua doti za shughuli ya familia. Dukani dada mmoja akashika kanga nyekundu, akaigeuza, akaona alama ya ilikotengenezwa, akasema kwa sauti, "Wachina hawa wametuibia mpaka maua yetu." Kijana wa dukani akamjibu bila kuinua kichwa kwenye kikokotoo, "Dada yangu, ua hilo la kwao toka enzi na enzi, sisi ndo tumechukua." Basi bwana, duka likageuka bunge. Kila mtu ana lake, mpaka mpagazi aliyekuwa anapita na mzigo akasimama kuchangia. Mimi nikawa msikilizaji tu. Nilipofika nyumbani nikaanza kuchimba, na nilichokuta ni kirefu kuliko nilivyodhani. Shikeni chai.

TUANZIE KWENYE HARIRI

Wachina walikuwa wanafuma hariri maelfu ya miaka kabla mtu yeyote wa nje hajajua inatoka kwa mdudu. Hilo halina ubishi. Cha kushangaza ni kwamba hariri zao za zamani zilizobaki hazijajaa maua yanayotambaa. Mwaka 1982, sehemu inaitwa Mashan, mkoa wa Hubei, lilifunguliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa kati ya karne ya 4 na ya 3 kabla ya Kristo. Ndani mlikuwa na marundo ya nguo za hariri zilizodariziwa majoka na ndege feniksi, wamejisokota na kukumbatiana mpaka mikia yao inakaribia kuwa matawi. Miaka kumi kabla, 1972, karibu na mji wa Changsha, kwenye kaburi la Mawangdui, lilipatikana vazi la hariri nyepesi ya kuonesha mwili lenye uzito wa gramu 49. Gramu arobaini na tisa, wadau! Simu yako ina uzito mara tatu au nne ya gauni hilo. Hariri za kaburi hilo zina mawingu, mawimbi, almasi za mistari. Mimea ya kujiviringisha imeanza kunukia kwa mbali. Lakini lile shina linalopanda na kushuka kwa mpigo, ua juu, ua chini, lile unalolijua wewe, bado.

Sasa lilitoka wapi?

Mwaka 1893 bwana mmoja wa Vienna, Alois Riegl, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza vitambaa na mazulia ya makumbusho, alitoa kitabu kizima cha kufuatilia nakshi za mimea. Hoja yake kwa ufupi: yungiyungi walilochora Wamisri wa kale lilichukuliwa na Wagiriki, Wagiriki wakalitoa kwenye mstari wa kusimama wima wakalifanya litambae kwa mawimbi, kisha Warumi wakaliendeleza, na baadaye likageuka nakshi za Waarabu mnazoziona kwenye misikiti. Yeye alifuatilia njia ya huku magharibi. Mwaka 1984 Jessica Rawson wa makumbusho ya British Museum, London, akaandika juu ya njia ya mashariki. Baada ya majeshi ya Aleksanda Mkuu kufika Asia ya Kati, nakshi za Kigiriki zilibaki huko. Wabudha wakazipamba nazo sanamu na mahekalu yao, dini ikatembea kuelekea China, na nakshi ikatembea nayo. Kwenye mapango ya Yungang, karibu na Datong, yaliyochongwa karne ya 5, shina linalotambaa limekaa pembeni mwa sanamu za Budha kama lilizaliwa pale.

Kwa hiyo ukifuata mzizi mpaka mwisho unatokea Misri. Afrika! Nilitamani kurudi dukani nikawaambie. Ila msichukulie kwamba basi ni mali yetu, tulieni kwanza.

CHANG'AN ILIKUWA KARIAKOO YAO

Enzi ya ukoo wa Tang, kati ya 618 na 907, mji mkuu wa China ulikuwa Chang'an, na ukisoma habari za masoko yake unaiona Kariakoo kabisa. Wafanyabiashara wa kutoka Asia ya Kati, Waajemi, watu wa kila lugha, kila mmoja na mzigo wake na ujanja wake. Hariri iliyokuwa na soko wakati huo ilikuwa na miduara ya lulu, na ndani ya duara kuna mnyama: kondoo dume, farasi mwenye mabawa, ndege wawili wanatazamana. Hiyo ilikuwa ladha ya Uajemi na Asia ya Kati. Wachina waliifuma kwa sababu ilikuwa inauzika.

Hapa ndipo anatokea mtu mwenye jina. Mmoja! Dou Shilun, ofisa wa mwanzoni mwa enzi ya Tang aliyekuwa na cheo cha Mkuu wa Lingyang, alisimamia kazi huko Sichuan na akabuni dizaini za hariri zilizoendelea kuitwa kwa cheo chake miaka mingi baada ya kufa. Tunamjua kwa sababu mwandishi mmoja wa historia ya wachoraji, Zhang Yanyuan, alimtaja karne ya 9. Watafiti wa hariri wanaunganisha mtindo wake na badiliko moja dogo ambalo naliona kubwa sana: wanyama wamebaki wawili wawili, lakini ile duara ya lulu ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa duara la maua na mashina yanayozunguka. Yaani alichukua dizaini ya wageni akavua ganda lake, akavalisha mmea.

Baada ya hapo mmea ukala kila kitu. Wanyama wakapungua, maua yakanenepa, mashina yakaungana. Baadhi ya vitambaa vya namna hiyo vipo mpaka leo Nara, Japani, kwenye stoo ya hazina inayoitwa Shosoin, ambayo mkusanyiko wake ulianza mwaka 756. Vingine vilikuwa vimefungiwa kwenye pango huko Dunhuang tangu karne ya 11 mpaka lilipofunguliwa mwaka 1900.

Lakini anayenikaa kichwani mimi si Dou Shilun. Ni binti anaitwa Huang Sheng.

Huang Sheng alifariki Fuzhou mwaka 1243, ana miaka 17 tu, ameshaolewa kwenye ukoo wa kifalme wa Song. Baba yake alikuwa ofisa aliyesimamia biashara ya meli kwenye bandari ya Quanzhou. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1975 zilikutwa nguo na vitambaa vya hariri kwa mamia, na sehemu kubwa ina maua: pioni, yungiyungi, maua ya miti ya matunda. Na sasa sikilizeni. Magauni yake mepesi ni ya rangi moja iliyotulia, lakini pembeni, kuanzia shingoni kushuka kifuani, umeshonewa mkanda mwembamba wa maua yanayotambaa, mengine yamepigwa chapa na kupakwa dhahabu. Pindo! Mwili umetulia, pindo linaongea. Dada wa mjini yeyote anayejua kuvaa angemwelewa Huang Sheng bila mkalimani.

Nani alichora mikanda ile? Jina la marehemu tunalo, la mumewe tunalo, cheo cha baba tunacho. La mchoraji halipo.

KAZI YENYEWE ILIKUWA HIVI

Watu wanadhani ua la kwenye hariri linachorwa juu ya nguo kama unavyochora hina. Ua lililofumwa halichorwi juu. Linajengwa uzi kwa uzi. Mtambo wa kufuma una nyuzi za mtande zinazokwenda urefu, maelfu, na mshindio unaopita katikati kwenda na kurudi. Ili petali moja itokee, lazima ujue nyuzi zipi za mtande zinyanyuke mshindio unapopita, halafu mshindio unaofuata zipi, na unaofuata. Kwa hiyo mchoraji anachora kwanza kwenye karatasi. Kisha anakuja mtu mwingine, ambaye anahesabu mchoro ule wote na kuugeuza kuwa mafundo ya kamba. Kila fundo linashika nyuzi zake. Juu ya mtambo anakaa mtu wa tatu, mara nyingi kijana mdogo, anavuta kamba kwa zamu, na chini mfumaji anarusha mshindio. Juu anavuta, chini anarusha, siku nzima.

Song Yingxing, aliyeandika kitabu cha ufundi mwaka 1637, anampa sifa zote yule wa mafundo. Anasema kwenye kazi ile hakuna mwenye akili ya hesabu nzuri zaidi yake. Na mnaona alivyokuwa mtu wa programu kabla ya kompyuta. Jina lake? Hakuna.

Hapa ndo utaelewa kwa nini shina linalotambaa lilipendwa na mafundi kuliko ua lililosimama peke yake. Kufunga mafundo ni gharama na ni muda. Ukifunga kipande kimoja tu cha mchoro, kupanda kumoja na kushuka kumoja, unaweza kukirudia mpaka nguo iishe na jicho lisione pa kuunga. Ukitaka jora refu, unaendelea. Ukitaka fupi, unakata. Haliharibiki. Ua moja kubwa la katikati ukilikata vibaya umeharibu nguo, lakini mmea unaotambaa unasamehe mkasi. Mpaka leo mchapaji wa kanga anategemea siri hiyohiyo.

Na maana ilikuwepo pia. Mmea usiokatika ulikuwa dua ya umri mrefu na ukoo usiokatika. Pioni ni utajiri na heshima. Kibuyu na mashina yake ni wajukuu wengi. Jina la yungiyungi kwa Kichina lina mlio mmoja na neno la kuendelea mfululizo, kwa hiyo mtu akimzawadia bi harusi hariri yenye mayungiyungi yanayofuatana alikuwa amempa ujumbe bila kuandika herufi. Sisi wa kanga hatuna haja ya kushangaa, ujumbe wa nguo ndo kazi yetu. Ila sisi tukaona bora tuandike kabisa, ili jirani asijifanye hajaelewa.

LIKAFIKAJE HUKU

Mnisamehe, hapa njia si moja.

Ya kwanza ni bahari. Ile Quanzhou ya baba yake Huang Sheng ilikuwa imeunganishwa na Bahari ya Hindi kwa biashara, mzigo unashushwa, unapakiwa jahazi lingine, mpaka unafika huku. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anawaeleza watu wa Kilwa wamevaa hariri na dhahabu. Pate walikuwa na mafundi wao wa kufuma hariri waliosifika pwani nzima. Na huyohuyo Barbosa anaeleza habari za Sofala ambazo nazipenda sana: watu wa kule walikuwa wananunua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, India, wanavifumua uzi mmoja mmoja, kisha wanafuma upya wakichanganya na pamba yao nyeupe. Yaani mzigo unafika umekamilika, wao wanaubomoa ili watengeneze wanachokitaka.

Hariri na joto la pwani haviivani, kwa hiyo usitegemee kuchimba Kilwa ukakuta gauni. Kilichobaki ni kauri. Mafundi wa Jingdezhen walipoanza vyombo vya bluu na nyeupe karne ya 14 walijaza mashina ya yungiyungi na pioni kuzunguka bakuli na sahani, na wataalamu wengi wanaona walichota kwenye michoro ya nguo. Vyombo hivyo vililetwa huku kwa wingi. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipopita pwani yetu mwaka 1955 alishangaa mpaka akasema historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri za China. Nanyi wa Dar hamna haja ya kwenda mbali. Nenda Kunduchi, kwenye magofu, kuna makaburi yenye nguzo, na kwenye nguzo zile wazee walipachika bakuli za kauri za China kama mapambo. Nyingi zimeng'olewa, mashimo yake yanaonekana, baadhi ya bakuli zimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Kwa hiyo vyombo vya China tulikuwa tunavipa heshima ya mwisho, ya kaburini, kabla hakujawa na Kariakoo wala Dar es Salaam.

Njia ya pili ni India, na hii ndo iko karibu zaidi na kanga. Vitambaa vya pamba vya India vilivyopigwa chapa na kuchorwa maua vilichanganya ladha ya Uajemi, ya China na ya wateja wa Ulaya. Ulaya wakavipenda mpaka wakaanza kuiga kwa mashine. Karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso, jina lenyewe la Kireno, wanaunga sita pamoja, tatu juu tatu chini, wanapata nguo moja. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza ichapwe nzima nzima. Ndo kanga hiyo. Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla, lilianza 1887, na linatajwa sana kwenye habari za kanga kupata majina. Zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, baadaye Japani kwa wingi mkubwa. Zilikochapwa zilibadilika mara kibao. Waliokuwa wanachagua ni wanawake wa Unguja, Mombasa na Dar. Dizaini wasiyoitaka inalala dukani, mwenye duka analia, na meli inayofuata inakuja na nyingine.

Ya tatu ni ya kitenge, na ndo imenivunja mbavu. Java, kule Indonesia, miji kama Lasem na Pekalongan, familia zenye asili ya China zilikuwa zinatengeneza batiki yenye feniksi, pioni na mashina yanayotambaa, nyingine juu ya hariri kabisa. Waholanzi wakaiga batiki kwa mashine. Kiwanda cha Helmond, kile kinachojulikana leo kama Vlisco, kilianza 1846. Nguo zile zikapata wapenzi Afrika Magharibi, zikasambaa, zikafika kwetu tukaziita vitenge. Kwa hiyo shangazi akisema kitenge chake ni orijino cha Holandi, amevaa kitu cha Uholanzi kilichoiga Java iliyochota China iliyochukua kwa Wagiriki waliochukua Misri. Mwache shangazi apendeze.

UBUNGO, 1968

Sasa nije panaponiuma.

Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alikwenda China. Miaka mitatu baadaye, 1968, kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo, pembeni ya barabara ya Morogoro, kimejengwa kwa msaada wa China. Mkoloni alikuwa anachukua pamba yetu na kuturudishia nguo. Sasa pamba ya Shinyanga na Mwanza inasokotwa, inafumwa na kuchapwa hapahapa Dar. Urafiki ilitoa kanga na vitenge ambavyo bibi zetu wamevitunza sandukuni mpaka leo, na ukizishika zile unajua umeshika nguo. Maelfu ya watu walipata kazi pale. Mtaani kwetu kuna wazee kadhaa wanaoijua saa ya zamu ya Urafiki kama wanavyojua saa ya adhana.

Kanga haichapwi bila mchoro. Kwa hiyo walikuwepo watu Ubungo, Watanzania, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuamua shina lipande wapi na lishuke wapi. Walikuwa wanajua rangi za harusi na rangi za msiba, wanajua pindo likiwa jembamba sana mama wa Mbagala hanunui. Mafunzo na mitambo vilitoka kwa Wachina, jicho lilikuwa la hapa. Kwa mawazo yangu ule ndo wakati pekee ambapo ua lile lilikaa meza moja na wote wawili, fundi wa kwao na mchoraji wa kwetu.

Kisha ikaja miaka ya 80, soko likafunguliwa, mitumba ikaingia, nguo za nje za bei ya chini zikaingia, viwanda vikaanza kukohoa. Mwaka 1997 Urafiki ikawa ya ubia, China asilimia 51, Tanzania 49. Haikurudi tena kuwa ile. Wachoraji wake walikwenda wapi? Baadhi wamestaafu, baadhi wametangulia mbele ya haki. Majina yao hayakuwahi kuchapwa kwenye nguo hata moja. Kwenye ukingo wa kanga kuna jina la kiwanda au la mwenye mzigo, kuna namba ya dizaini, kuna onyo la kutoiga. Onyo linamlinda mwenye mzigo.

Leo mfanyabiashara wa Kariakoo anaagiza China, mara nyingi kule Keqiao, mkoa wa Zhejiang, soko la vitambaa ambalo ukubwa wake ukisimuliwa unadhani unaongopewa. Na Zhejiang ndo mkoa wenye Hangzhou, mji wa hariri tangu zamani, na ndiko iliko makumbusho ya taifa ya hariri ya China. Yaani ua limezunguka dunia likarudi kuchapwa jirani na makwao. Kuna kijana namfahamu, jina naliacha, anachora dizaini za kanga na vitenge kwa kompyuta kwenye chumba cha ghorofa ya juu, mitaa ya huku ndani ya Kariakoo. Anachora vizuri mpaka unasikia raha. Mwenye mzigo anamlipa mara moja, anatuma mchoro kwa simu, baada ya miezi kontena linaingia. Wiki chache mbele ua lake liko kwenye maduka ambayo hayamjui, limenakiliwa na wengine, rangi imebadilishwa, shina limegeuzwa kulia badala ya kushoto. Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema kinachomuuma si kuigwa. "Mimi mwenyewe nimeiga kwa bibi," akaniambia, "ila siku hizi wengine hawaji hata kwangu, wanachagua dizaini kulekule China kwenye katalogi, zimeshachorwa tayari."

Hilo ndo jibu langu kwa lile bunge la dukani. Dada alisema wametuibia, kijana akasema ni la kwao. Ua hili kila aliyelipokea alilichukua kwa mwingine, na kila mahali lilibaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekaa chini akalibadilisha: Dou Shilun akitoa lulu, wafumaji wa Sofala wakifumua nyuzi, mchoraji wa Ubungo akinenepesha pindo. Mimi sina shida na kanga kuchapwa China. Uingereza ilichapa, Japani ilichapa, na kanga ilibaki kanga. Shida yangu ni tukianza kuchagua kwenye katalogi ya mtu mwingine na kalamu yetu ikakaa mfukoni. Watu watasema ni biashara tu, bei inaamua. Sawa. Lakini wale wanawake wa leso sita nao walikuwa wanaangalia bei, na bado meli ilikuwa inawasikiliza wao.

Naombeni kitu. Kama nyumbani kwenu kuna kanga ya Urafiki ya zamani, au ya Japani ya kabla yake, itoe sandukuni, piga picha ya pindo pamoja na ukingo wenye namba, weka hapo chini. Na kama babu au bibi yako, au mzee yeyote wa mtaani, aliwahi kufanya kazi ya kuchora Ubungo, muulize kama ataruhusu tuandike jina lake. Akikubali nitakuja mwenyewe na daftari. Nauli ya daladala juu yangu.